Dipu ya Ng'ombe na Utando wa Kitunguu

Kibet alinipigia simu nikiwa kazini, jicho moja bado liko kwenye hadubini. "Daktari wa vitunguu," alisema, hata salamu hakutoa, "Madam Chepkoech anastaafu. Jumamosi ijayo tunachoma mbuzi pale shuleni. Ukikosa, nitasimama niwaambie watu wote kuhusu dipu." Nilimwambia mimi si daktari. Ninasoma slaidi za damu katika maabara moja hapa mjini Nakuru, na wanaotia sahihi ni wengine. "Basi kuja hivyo hivyo bila sahihi," akasema, akakata. Nilirudisha jicho kwenye slaidi lakini sikuhesabu chochote kwa dakika kadhaa. Siamini sana sherehe za kustaafu. Nimeshahudhuria mbili tatu, na kila mara mtu wa kweli huingia pale akatoka akiwa sanamu: alikuwa mama wa wote, alikuwa taa ya jamii, hakuna aliyewahi kumwona amekasirika. Mimi nilimwona Madam Chepkoech amekasirika, tena sababu ilikuwa mimi. Ninachoweza kusema juu yake ni kitu kidogo kuliko taa, na naona kina uzito zaidi. Nilipokuwa kidato cha pili nilikataa kuchora mstari mmoja, naye mwishowe akaniacha nikatae.

Shule yetu ilikuwa katika bonde la Subukia, kwenye shamba lililokuwa la mzungu, na maabara ilikuwa kile chumba alichohifadhia maziwa. Kuta zilikuwa na vigae vyeupe hadi usawa wa kifua, sakafu ilikuwa na mteremko kuelekea mfereji mdogo katikati, na baridi ya humo hata jua la Januari halikuiondoa. Tulikaa kwenye viti virefu visivyo na mgongo, tukivuta sweta zetu hadi kwenye vidole. Tulikuwa wanafunzi arobaini na watatu na hadubini moja. Ilitumia kioo kuvuta mwanga, kwa hiyo Madam aliiweka kwenye meza ya dirishani, ile inayotazama mibuni, na jua likifunikwa na wingu tulisimama tukangoja wingu lipite. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye koti jeupe ambalo kola yake ilikuwa imeshonwa mara mbili, na vidole vya mkono wake wa kulia vilikuwa na doa la kahawia lisilotoka, doa la ayodini, ile dawa ya kutia slaidi rangi. Alitufundisha kuibeba hadubini kabla ya kutufundisha kuitumia. "Mkono mmoja chini, mkono mmoja shingoni," alisema. "Mbebe kama mtoto wa wenyewe." Sheria yake ya pili aliirudia mpaka tukaanza kumwigiza nyuma ya darasa: "Chora unachokiona. Si unachokijua. Unachokiona."

Kipindi cha kwanza cha hadubini kilikuja baada ya chakula cha mchana, jambo ambalo sasa naona lilikuwa kosa. Tulikuwa tumekula githeri, mahindi na maharagwe. Tuliambiwa tujikwangue ndani ya shavu kwa kijiti cha meno, tupake kwenye slaidi, tutie tone la ayodini, tufunike kwa kile kioo chembamba. Kibet, aliyekuwa jirani yangu wa kiti na ambaye hajawahi kungojea zamu bila kusema kitu, aliangalia slaidi yake akapiga kelele kwamba seli yake ina kiini kikubwa cheusi, kikubwa kuliko cha mtu yeyote. Darasa likasimama. Madam akainama, akaangalia, akanyooka. "Kibet, ulisukutua mdomo?" "Hapana, Madam." "Hiyo ni githeri. Wanga wa mahindi ukikutana na ayodini unakuwa mweusi. Umetuonyesha lunch." Madam mwenyewe alicheka hadi akashika meza. Lakini slaidi iliyofuata ilikuwa safi, na nilipofikiwa na zamu nikaona kitu ambacho sijakisahau: vipande vyepesi vya umbo la yai lililopasuka, kila kimoja na nukta ya kahawia katikati, na pembeni mpaka mmoja mwembamba. Huo mpaka, Madam alisema, ndio utando wa seli. Seli ya mnyama haina ukuta, ina utando tu. Nilikubali bila shida, kwa sababu niliuona. Nilichora mstari mmoja nikaandika jina lake.

Jikoni walikuwa wametuzoea. Mpishi alikuwa Mama Shiro, mwanamke mkubwa mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto, na kwa sababu siku hizo tulizungumza habari za "cell" kutoka asubuhi hadi jioni, na kwake cell ilikuwa ile ya polisi tu, alitupa jina la mahabusu. "Mahabusu wangu wamekuja," alisema wiki iliyofuata nilipotumwa kitunguu. "Leo mnaomba dhamana ama mnaomba kitunguu? Kitunguu sina, dhamana pia sina." Kisha akatoa kitunguu chekundu chini ya aproni yake, akanipa kimoja tu, akanitazama hadi nikatoka nacho, kana kwamba ningekila njiani.

Seli za kitunguu zilinishangaza kuliko za shavu. Zilikuwa zimepangwa kama matofali ya ukuta ambao fundi wake hakuwa na haraka. Kila tofali lilikuwa na kuta zake na kiini chake cha kahawia. Niliangalia nikachora. Tatizo lilikuwa ubaoni, ambako Madam alikuwa amechora seli ya mmea kama ilivyo kitabuni: ukuta nje, halafu mstari wa pili ndani yake, utando wa seli, halafu vile vidoa vya kijani vinavyotengeneza chakula. Nilipoinua kichwa niliona madaftari yote ya jirani yana mistari miwili na vidoa vya kijani. Kibet alikuwa ameazima kalamu ya kijani. Mimi nilikuwa na mstari mmoja na sikuwa na kijani hata kidogo, kwa sababu kitunguu hukua chini ya udongo, na kile kilichokuwa mbele ya jicho langu hakikuwa cha kijani.

Madam alipita akikusanya. Akasimama kwangu. "Kloroplasti umeacha."

"Sikuziona, Madam."

Aliangalia kitunguu kilichobaki mezani, na nikaona kwamba hilo limeingia. "Sawa. Kitunguu hakina. Wote waliochora kijani wafute." Vifutio vikaanza kulia darasa zima, na Kibet akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kalamu ile ilikuwa ya kuazima na haifutiki. Ningekuwa na akili ningeridhika hapo. "Na utando je? Utando uko wapi?"

"Sikuuona pia."

"Uko ndani ya ukuta, Muthoni."

"Niliangalia ndani ya ukuta."

"Wenzako arobaini na wawili wameuona."

"Wameuona ubaoni, Madam."

Sikusema kwa ujeuri. Nilisema kwa sababu ilikuwa kweli, na nilikuwa na umri ule ambao mtu hudhani ukweli ni ruhusa ya kusema chochote. Uso wa Madam ulikazana, akaniwekea daftari mbele yangu taratibu, jambo lililotisha zaidi ya kama angelitupa. "Una mpaka Ijumaa," alisema. "Uniletee mchoro kamili. Ukija bila utando, hiyo hadubini utakuwa unaisikia tu kutoka kwa wenzako mpaka ufike Form Four."

Nataka ieleweke kwamba sikuwa na kitu kingine shuleni nilichokitaka kama kile kiti cha dirishani. Sikuwa mwimbaji, sikuwa mkimbiaji, na hesabu nilikuwa wa katikati. Lakini nikiinama juu ya lile bomba jeusi, kelele za darasa zilizimika na nikawa mahali ambapo hakuna mtu angeweza kuniambia kitu ambacho nisingeweza kukihakikisha mwenyewe. Kunyimwa hicho kiti kwa miaka miwili kulikuwa adhabu kubwa kuliko kiboko. Na dawa yake ilikuwa rahisi mno. "Si uchore tu laini," Kibet aliniambia tukitoka. "Laini moja, Muthoni. Laini ni bure. Mimi nikupe hata yangu." Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikuichora. Leo wenzangu wa kazini huniambia mimi ni mbishi, na wengine husema kwa kunisifu. Sidhani ulikuwa ujasiri. Kulikuwa na kitu kama mwasho. Nilijua nikichora ule mstari mmoja, kila mstari mwingine katika daftari langu ungeanza kunitia shaka.

Jumatano mchana nilikwenda kuosha sahani yangu kwenye bomba lililo nyuma ya chumba cha walimu. Dirisha lilikuwa wazi. Harufu ya chai ya maziwa ilitoka, na sauti ya mwalimu wa hesabu ikauliza, "Na yule msichana wako wa vitunguu?" Nilifunga maji. Madam Chepkoech akajibu, na sauti yake ilikuwa imechoka, haikuwa ile ya darasani. "Shida ni kwamba anasema ukweli. Mimi pia sijawahi kuuona."

"Hujawahi kuuona nini?"

"Huo utando. Kwa kitunguu. Niliuchora nikiwa Form Two, nikauchora chuoni, nimeuchora ubaoni miaka yote hii. Kila nikiangalia naona ukuta tu. Sasa nitamwambia nini, nami ndiye niliyemfundisha kuchora anachokiona?"

Mwalimu wa hesabu alicheka, akasema, "Mwambie ni kama sifuri, iko hata kama huioni." Madam hakucheka. Nilisikia kikombe kikiwekwa mezani. Niliondoka mbio, na baadaye sana ndipo nilipokumbuka kwamba sahani sikuichukua.

Ingekuwa rahisi kusema nilifurahi. Kwa muda wa kutoka bombani hadi darasani nilifurahi kweli, nikipanga nitakavyosimama Ijumaa mbele ya wote niseme: hata wewe, Madam. Halafu furaha hiyo ikaisha. Kama hata yeye hakuwahi kuuona, basi kulikuwa na mambo mawili tu: ama utando haupo na vitabu vyote vimenakiliana uongo, ama upo na sisi hatujui kuuangalia. Jambo la kwanza lilikuwa tamu zaidi, na ndiyo maana sikuliamini. Nikaamua kuangalia tena. Lakini chupa ya ayodini ya shule ilikuwa imeisha siku ile ile ya kitunguu, na nyingine ingeletwa muhula uliofuata.

Jioni hiyo nyumbani nilimshikia mama taa akikamua. Alipomaliza alichukua kile kikombe kidogo cha plastiki, akachovya chuchu za ng'ombe moja baada ya nyingine katika ile dawa ya kahawia inayozuia ugonjwa wa matiti. Kila nyumba kwetu huiita dipu. Aliponyoosha mkono apokee taa, niliona vidole vyake. Vilikuwa na doa lile lile la Madam, kahawia ile ile, mahali pale pale. Nilisoma karatasi ya mtungi kwa mwanga wa taa. Ayodini. Na chini yake, kwa herufi ndogo, glisarini, ya kulainisha ngozi.

"Mama, naomba dipu kidogo."

"Ya nini?"

"Ya cell."

Aligeuka na ndoo mkononi. "Cell? Nani ameshikwa?"

"Hakuna aliyeshikwa. Ni cell ya kitunguu."

"Kitunguu ndicho kimeshikwa?" Alinitazama, akatazama ng'ombe, kana kwamba mmoja wetu angemweleza. Mwishowe alinimiminia ile nzito ya chini ya mtungi katika chupa ya dawa ya kikohozi. "Uchanganye na maji," alisema. "Hiyo ni kali. Usije ukamchoma huyo mtu wako." Kisha akaenda kuchemsha maziwa.

Ijumaa, saa ya chakula, Kibet alinisindikiza maabara kwa sababu alitaka kuona nikifukuzwa. Mama Shiro alikuwa ametoa kitunguu bila dhamana. Kwa haraka nilifanya makosa mawili. La kwanza, badala ya kubandua ile ngozi angavu ya ndani kama tulivyofundishwa, nilibandua ya nje, yenye rangi ya zambarau. La pili, nilisahau maji. Nilitia tone la dipu kavu vile vile ilivyotoka mtungini, nikafunika, nikaangalia. Matofali. Kuta. Zambarau imejaa kila tofali hadi kwenye pembe. Hakuna mstari wa pili. "Haya, twende tukale," Kibet alisema. Sikuondoka. Nilikaa pale, jicho likianza kutoa machozi, na baada ya muda niliona pembe moja ya tofali moja imekuwa tupu.

Nilidhani ni jicho. Nikapepesa. Pembe nyingine ikawa tupu. Zambarau ilikuwa inarudi nyuma, inauacha ukuta, inajikunja polepole kuelekea katikati, na tofali baada ya tofali likafanya vivyo hivyo, mpaka kila moja likawa chumba chenye mfuko mmoja wa zambarau umesimama katikati, na kati ya mfuko na ukuta hamna kitu. "Nimeziharibu," nilisema. Kibet akanisukuma, akaangalia. "Aki zimekonda," akasema. "Zinakaa kama watu wamekosa lunch." Nilimtoa pale nikaangalia tena, na safari hii sikuangalia zambarau, niliangalia mwisho wake. Ulikuwa mviringo, laini, umekatika safi. Zambarau haikumwagika. Kuna kitu kilikuwa kimeishikilia. Nilikumbuka maziwa ya jana usiku yakipoa, na ule utando wa juu ukijivuta kutoka ukingo wa sufuria. Nilikimbia hadi chumba cha walimu, na nilipofika mlangoni sikuweza kusema sentensi nzima. Nilisema, "Madam. Kuja uone."

Aliinama. Akavua miwani. Akazungusha lile gurudumu dogo mbele, nyuma, mbele tena. Nyuma yake darasa lilikuwa linaingia likitafuna. Alikaa pale muda mrefu kuliko alivyowahi kumruhusu mwanafunzi yeyote. Kisha akasema neno moja, kwa sauti ambayo nadhani ni mimi na Kibet tu tulioisikia. "Kumbe."

Aliponyooka alikuwa mwalimu tena. "Umetia nini hapa?"

"Dipu, Madam."

"Dipu gani?"

"Ya chuchu za ng'ombe."

Darasa lililipuka. Mtu alilia kama ndama. Madam aliinua mkono, wakatulia, na akauliza swali ambalo mpaka leo nikiwa mbele ya slaidi hujiuliza kwanza: "Utajuaje kama si hiyo dawa imetengeneza hicho kitu?" Nilijisikia mjinga na wakati huo huo nilijisikia nimeheshimiwa, kwa sababu aliniuliza kama mtu anayeweza kupata jibu. Tulisimama pale wawili tukifikiri. Glisarini huvuta maji, alisema. Nini kingine huvuta maji? Nikasema chumvi. Nilirudi jikoni, Mama Shiro akauliza kama sasa mahabusu wanapikiwa huko huko, akanipa chumvi kwenye karatasi. Tulitayarisha slaidi mpya, maji ya chumvi tu. Zambarau ikarudi nyuma vile vile. Kisha Madam akatia tone la maji safi pembeni, na wote arobaini na watatu, kwa zamu ya sekunde chache kila mmoja, tukaona mfuko ukivimba, ukajaa, ukagusa ukuta pande zote, na mpaka wake ukapotea. Hapo ndipo nilipoelewa. Utando ulikuwapo siku zote. Sikuuona kwa sababu ulikuwa umejaa, umebanwa na ukuta.

Sikuchora mchoro mmoja. Nilichora miwili, upande kwa upande. Wa kushoto ulikuwa na mstari mmoja, kama nilivyouona mara ya kwanza. Wa kulia ulikuwa na ukuta na ndani yake mfuko. Madam aliweka alama ya vyema kwenye yote miwili, na wa kushoto akauwekea yake kwanza. Nimepata vyeti tangu siku hiyo, viwili viko ukutani. Ile alama ya kushoto ndiyo ninayojivunia.

Jumamosi ya sherehe yake walisema yote niliyotabiri, mama wa wote, taa ya jamii, na mbuzi alikuwa mzuri. Baada ya hotuba Madam alinishika mkono akanipeleka maabara. Vigae vimepasuka hapa na pale. Hadubini sasa ni tano, zenye taa zake ndani, lakini ile ya kioo bado iko kwenye meza ya dirishani. Kwenye rafu, kati ya chupa za kawaida, kulikuwa na mtungi mdogo umeandikwa kwa mwandiko wake: DIPU. "Kila mwaka Kibet hutuletea kutoka kwa agrovet yake ya dawa za mifugo," alisema. "Dipu hutia rangi na kuvuta maji kwa mara moja. Mwalimu mkuu mpya alipouona aliniuliza, 'Madam, hii shule ina ng'ombe wangapi?' Nikamwambia tuna mmoja tu, alimaliza Form Four zamani, siku hizi anakula nyasi huko Nakuru."

Nilicheka, na kwa sababu alikuwa anaondoka nikaona ni lazima niseme. Nilimwambia kwamba Jumatano ile nilikuwa bombani, na dirisha lilikuwa wazi.

"Najua," alisema. "Uliacha sahani. Ilikuwa na jina lako." Alipangusa vumbi kwenye shingo ya ile hadubini kwa kidole, na doa la kahawia bado lilikuwa pale. "Ijumaa nilikuja nikiwa tayari. Nilijua utasimama useme mbele ya wote kwamba hata mimi sijawahi kuuona. Nilingoja. Hukusema. Kwa nini?"

"Sikuwa nimekuona ukisema, Madam. Nilisikia tu."

Alicheka hadi akashika meza, kama siku ile ya githeri. Kisha akaniambia niibebe hadubini hadi nje watu waione, naye akanifungulia mlango akitazama mikono yangu, mmoja chini, mmoja shingoni.